Mkuu wangu anasema chuma kimeshasomwa chote

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mtaalamu wa maabara, nina miaka 27, nafanya kazi hospitali ya wilaya huku pwani ya Tanzania. Kila asubuhi napima wingi wa damu wa akina mama wajawazito. Wapo wanaomeza vidonge vya damu miezi mitatu na namba haipandi, na jambo hilo linaninyima usingizi. Nataka kusoma shahada ya uzamili, Mungu akijalia na uzamivu, nifanye utafiti wa magonjwa ya damu na madini ya chuma. Mkuu wangu wa kazi anasema chuma kilishasomwa chote na wazee, hakuna jipya, nichague saratani ndiko kwenye fedha. Je, ni kweli? Na mtu aliyechagua njia hii huishi maisha gani ya utafiti?

Jibu: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye ile sentensi ya namba isiyopanda. Nitairudia mwishoni, maana imebeba zaidi ya unavyodhani.

Kwanza niliondoe hili la mkuu wako. Mlinzi mkuu wa chuma mwilini ni homoni ndogo inayotengenezwa na ini, iitwayo hepsidini. Ikiwa nyingi, chuma ulichokula kinabaki kwenye ukuta wa utumbo na kutoka na choo; ikipungua, chuma kinaingia. Hepsidini ilitambuliwa mwaka 2000 na 2001. Namna inavyofanya kazi, kwa kulikamata na kulivunja lango liitwalo feropotini ambalo chuma hupitia kuingia kwenye damu, ilielezwa mwaka 2004. Ishara ambayo seli changa za damu hutuma kwenye ini kuomba chuma zaidi, erithroferoni, ilipatikana mwaka 2014. Kwa umri uliotaja, wewe ulizaliwa kabla dunia haijajua kwamba hepsidini ipo. Mkuu wako hakusoma hayo chuoni kwa sababu hayakuwepo, na simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kukuambia mlango umefungwa bila kwenda kuusukuma.

Swali lako la pili ni gumu zaidi, kwa sababu maisha ya utafiti hayaelezeki kwa orodha ya vyuo na ufadhili. Nikusimulie mtafiti mmoja ambaye nimekuwa nikimsoma tangu nilipokuwa na umri wako, Ernest Beutler. Hakuwahi kuwa mtu wetu, alifanya kazi zake Marekani, lakini kipimo kimoja alichokibuni huenda kimewahi kupita mikononi mwako bila jina lake.

Alizaliwa Berlin mwaka 1928 katika familia ya Kiyahudi, wazazi wote wawili madaktari. Mwaka 1935 walikimbia utawala wa Hitler wakahamia Milwaukee. Akaingia Chuo Kikuu cha Chicago akiwa na miaka 15 na akawa daktari mwaka 1950 akiwa na 21. Umri huo uweke kando kabisa, usijipime nao. Kitu cha kujipima nacho ni tabia moja iliyomfuata miaka zaidi ya 50: alikuwa anakwenda kupima upya jambo ambalo watu wote wamekwisha kulikubali.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilihitaji dawa ya malaria kwa askari wake, na majaribio yalifanyika kwa wafungwa wa gereza la Stateville karibu na Joliet, Illinois. Niseme wazi kwamba leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu utafiti wa namna ile. Mfungwa hana uhuru wa kweli wa kukataa. Beutler alipelekwa huko akiwa daktari kijana wa jeshi. Dawa iliyokuwa ikijaribiwa ni primakwini. Wengi waliimeza bila shida, ila baadhi ya wafungwa, hasa Wamarekani Weusi, walipata mkojo mweusi na damu yao ikashuka ghafla. Seli zao nyekundu zilikuwa zinapasuka.

Swali rahisi lilikuwa: kosa liko kwenye mwili wa mtu huyo au ndani ya seli yenyewe? Timu ile ilichukua seli za mtu anayedhurika, ikazitia alama ya kromiamu yenye mionzi, ikamwongezea mtu asiyedhurika, kisha huyo akapewa primakwini. Zile seli za kigeni zikapasuka, zake mwenyewe zikabaki salama. Wakageuza: seli za asiyedhurika ndani ya mwili wa anayedhurika. Hizo zikavumilia. Kwa hiyo kosa lilikuwa ndani ya seli. Nakuomba uusome tena mpango huo taratibu. Hauna mashine ya ajabu. Una watu wawili, alama moja, na mtu aliyekaa akafikiri.

Kisha likaja jambo lililowashangaza: mgonjwa akiendelea kupewa dawa ileile, baada ya siku kadhaa damu inaacha kushuka, inaanza kupanda. Hapo ndipo chuma kilipoingia kwenye maisha ya Beutler. Chuma chenye mionzi ukimpa mtu, kinaingia kwenye seli zinazozaliwa siku hizo, kwa hiyo unaweza kujua umri wa seli kama unavyojua umri wa mtoto kwa kadi yake ya kliniki. Alipowapa dawa kwa nyakati tofauti, seli changa hazikuguswa na seli kongwe ndizo zilizokufa. Dawa ilikuwa inafyeka wazee tu, na vijana wakibaki, hali inatulia. Baadaye akaonyesha kwamba glutathioni, ile kinga ya seli dhidi ya sumu za oksijeni, ilikuwa dhaifu kwenye seli hizo. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake, kutoka kundi hilohilo la Chuo Kikuu cha Chicago lililofanya kazi Stateville, wakakipata kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemia ndani ya seli) kinachopungua. Ni kile unachokijua kwa jina la G6PD. Leo inakadiriwa watu milioni 400 duniani wana upungufu huo, na sisi wa maeneo ya malaria tumo kwa wingi.

Wewe uko maabara, kwa hiyo nikae kidogo hapa. Kile kipimo cha tone la damu kwenye karatasi, ambalo likiwekwa chini ya taa ya urujuanimno linang'aa kwa mtu mwenye kimeng'enya na kubaki giza kwa asiye nacho, ni cha Beutler, cha miaka ya 1960. Sasa jiulize: ukimpima mtu wiki moja baada ya damu yake kupasuka, utapata nini? Seli kongwe zimekwisha kufa. Zilizobaki ni changa, na kimeng'enya bado zinacho. Tone litang'aa, utaandika kwamba yu mzima, na daktari atamrudishia dawa ileile. Anayejua kisa cha Stateville hawezi kuanguka kwenye shimo hilo. Anayejua kipimo tu, bila kisa, ataanguka.

Wala si mambo ya kale. Dawa ya malaria ya Lapdap, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya Afrika, iliondolewa sokoni na watengenezaji wake mwaka 2008 kwa sababu sehemu yake moja, dapsoni, ilikuwa ikipasua seli za watoto wenye upungufu wa G6PD. Zaidi ya miaka 50 baada ya Stateville. Na Shirika la Afya Duniani lilipotaka mwaka 2012 primakwini itumike kuzuia maambukizi ya malaria kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mbu, lilichagua dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, inayoweza kutolewa bila kumpima mtu G6PD. Dozi hiyo isingejulikana ni salama bila wale waliokaa miaka mingi kuuliza ni seli zipi zinakufa na kwa nini.

Mwaka 1959 Beutler alihamia kituo cha City of Hope kule Duarte, California. Mwaka 1962, akiwa na wenzake wawili, akachapisha kazi ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote. Jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili. Akirithi moja nzima na moja yenye kasoro, ungetarajia kila seli yake iwe na nusu ya kimeng'enya. Beutler akaona si hivyo: ana makundi mawili ya seli, moja zima kabisa, jingine pungufu kabisa, yamechanganyika kama mbaazi na kunde kwenye chungu kimoja. Kila seli ilikwisha kuzima X moja tangu mtu akiwa tumboni. Mary Lyon wa Uingereza alikuwa amelisema wazo hilo mwaka mmoja kabla, kwa kutazama rangi za manyoya ya panya. Beutler alilifikia kwa njia yake, kwa binadamu, kwa kupitia damu. Na kwako hii ina maana kwamba mwanamke wa namna hiyo tone lake linaweza kung'aa huku nusu ya seli zake zikiwa hatarini.

Sasa chuma chenyewe.

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, uzito wa msumari mdogo. Theluthi mbili hivi ziko kwenye himoglobini. Kila siku seli kongwe zinavunjwa na miligramu 20 na zaidi za chuma zinarudishwa kazini, wakati tunachokipata kwenye chakula ni miligramu 1 au 2 tu. Mwaka 1937 Robert McCance na Elsie Widdowson, huko London, walionyesha jambo ambalo bado linanisisimua: mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi. Kwa sodiamu tuna figo. Kwa chuma hatuna kitu. Udhibiti wote uko mlangoni, kwenye kuingia.

Jambo hilo nililijua kwa mtihani kabla sijalijua kwa moyo. Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo baada ya chuo, tulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa mwenye selimundu, aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Siku ya kuruhusiwa niliandika vidonge vya chuma, kwa sababu kadi ilisema damu pungufu. Mtaalamu wa maabara alipanda ngazi mwenyewe akaniuliza: "Daktari, huyu mmemwongezea chupa ngapi?" Nilihesabu. Kila chupa ya damu ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, na kwa kuwa chuma hakitoki, kilikuwa kimelundikana kwenye ini lake. Nilikuwa naongeza mafuta kwenye moto. Nilifuta dawa ile kwa mkono unaotetemeka. Aliyemwokoa mtoto yule alikuwa mtu wa kazi yako, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu wa maabara akiambiwa hana la kuuliza.

Turudi kwa Beutler. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akipima vimeng'enya vyenye chuma kwenye tishu za wanyama waliokosa chuma, akakuta kwamba upungufu haugusi damu peke yake. Wakati huo vitabu vilisema chuma kikipungua, tishu zinalindwa na damu ndiyo inayoumia. Yeye hakuridhika. Mwaka 1960 akachapisha jaribio la wanawake waliochoka daima ingawa wingi wa damu yao ulikuwa wa kawaida. Wanawake hao walikuwa wakiambiwa hawana kitu, ni mawazo tu. Yeye na wenzake walichukua uboho wao wakatazama kama una akiba ya chuma, kisha wakalinganisha chuma na kidonge kisicho na dawa, mgonjwa wala daktari bila kujua ni kipi. Wale ambao akiba yao ilikuwa imekwisha ndio waliopata nafuu kwa chuma.

Mwanangu, hebu fikiria ni akina mama wangapi wamepita kwenye dirisha lako, umewaandikia 12.1, wakaambiwa "damu ipo", wakarudi nyumbani na uchovu wao. Kazi ile ina zaidi ya miaka 60 na bado hatuitumii ipasavyo. Tena mwaka 2006, akiwa mzee, Beutler na mwenzake Jill Waalen waliuliza swali la kitoto: mipaka hii tunayoitumia kusema mtu ana upungufu wa damu imetoka wapi? Walikuta kwamba ile ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1968, ambayo dunia nzima iliikariri, iliwekwa kwa takwimu chache mno. Nimeona maprofesa wakichukizwa na swali la aina hiyo. Mimi nalipenda.

Alihamia taasisi ya utafiti ya Scripps, La Jolla, California, mwaka 1978, na huko alifanya mengi ambayo nitayapita: dawa ya kladribini kwa aina moja adimu ya saratani ya damu, jeni za ugonjwa wa Gaucher. Kwenye Gaucher nisimame dakika moja tu. Dawa yake ya kimeng'enya ilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgonjwa mmoja aligharimu mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka. Beutler alipigania dozi ndogo zinazotolewa mara kwa mara, akisema zinafanya kazi ileile kwa bei pungufu sana. Aligombana na wengi. Nakutajia kwa sababu wewe utafanya kazi nchi ambako bei ya dawa ni sehemu ya ugonjwa, na utaambiwa kwamba bei si sayansi. Dozi ndogo kabisa inayotosha ni swali la sayansi safi.

Kisa kikubwa cha uzeeni kwake ni hemokromatosisi, ugonjwa wa kurithi wa chuma kuzidi, ulioenea hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini. Jeni yake, HFE, ilipatikana mwaka 1996. Ghafla kukawa na wito kwamba watu wote wapimwe jeni hiyo, maana kila mwenye nakala mbili zenye kasoro angeharibika ini na moyo. Hivyo ndivyo ilivyoaminika. Lakini wagonjwa waliosomwa hadi hapo walikuwa wale waliokuja hospitali kwa sababu tayari wanaumwa. Ukimhesabu mgonjwa peke yake, kila mwenye jeni ataonekana mgonjwa. Beutler na Vincent Felitti wakaenda mahali ambapo watu wazima huja kuchunguzwa afya kwa kawaida tu, kwenye kliniki ya Kaiser Permanente, San Diego. Wakapima watu 41,038. Waliokuwa na nakala mbili walikuwa 152. Aliyekuwa na dalili kamili za ugonjwa alikuwa mmoja. Matokeo yalitoka mwaka 2002 na kukadiria kwamba chini ya asilimia 1 ya wenye jeni hiyo wanaugua hasa.

Watu walimkasirikia. Wapo waliojenga mipango, vyama na maisha yao juu ya jeni ile. Kuna wataalamu hadi leo wanaoona alishusha hatari kupita kiasi, na tafiti nyingine baadaye, zilizohesabu dalili kwa upana zaidi, zilipata wagonjwa wengi kuliko yeye, hasa wanaume. Mimi naona hoja yake kuu imesimama: kuwa na jeni si kuwa na ugonjwa. Na mtu akikushauri uache chuma ukimbilie jenetiki, mwambie kwa heshima kwamba jenetiki na chuma ni shamba moja, na aliyelima vizuri upande ule alianzia upande huu.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake ndio unaonigusa zaidi. Mwanawe Bruce, aliyeanza kushika mirija ya maabara ya baba yake akiwa kijana na ambaye mwaka 2011 alipata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa kinga ya mwili, alikuwa akifuga panya waliobadilishwa jeni kiholela ili aone nini kitatokea. Wakazaliwa panya walionyonyoka manyoya ya mwili wote, yakabaki ya usoni tu, kama waliovaa barakoa. Baba alipoitazama damu yao akaona upungufu wa chuma. Walipolishwa chuma kingi, manyoya yakaota. Jeni iliyoharibika ilikuwa TMPRSS6, ambayo kazi yake ni kuinyamazisha hepsidini mwili unapokuwa na njaa ya chuma. Isipokuwepo, ini linaendelea kutoa hepsidini, lango linabaki limefungwa, na chuma kinakwama utumboni ingawa mwili unakililia. Kazi hiyo ilitoka Mei 2008, baba na mwana majina yao yakiwa pamoja. Mwaka huohuo watafiti wengine walionyesha kasoro ya jeni hiyohiyo kwa watoto wa binadamu ambao vidonge vya chuma haviwasaidii kitu. Ernest Beutler alikufa kwa saratani ya mfumo wa limfu Oktoba 2008, akiwa na miaka 80.

Vidonge vya chuma visivyosaidia kitu. Umeisikia sentensi hiyo wapi?

Kabla ya kufika huko, lazima nikupeleke Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia ilikuwa na hakika kwamba watoto wadogo wa maeneo yenye upungufu mwingi wa damu wapewe chuma wote, bila kupima, na mambo yatakuwa mazuri. Sunil Sazawal, Robert Black na wenzao wa Zanzibar wakafanya jaribio Pemba kwa watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Walitaka kuona vifo vikipungua. Agosti 2003 ilibidi vikundi vilivyopewa chuma na asidi ya foliki visimamishwe. Watoto waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa Januari 2006. Na ndani ya jaribio hilohilo, kikundi kidogo ambacho kilipimwa vizuri tangu mwanzo kilionyesha kwamba watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika. Wengine, katika kisiwa ambako malaria ilikuwa kali siku hizo, waliumia. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo: mahali penye malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga, upimaji na tiba ya malaria.

Hicho ni kisiwa chetu. Ni watoto wetu. Ukiniuliza ni wapi duniani swali la chuma liko wazi zaidi, sitakutuma California. Nitakuonyesha Pemba, Kilifi, Muheza, mahali ambapo malaria, minyoo, selimundu na njaa ya chuma vinakutana ndani ya mtoto mmoja. Muhimbili kuna wagonjwa wa selimundu wanaofuatiliwa tangu mwaka 2004 katika kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo Tanzania kila mwaka. Kilifi ya Kenya na Mbale ya Uganda zilikuwa miongoni mwa vituo vinne vya Afrika vilivyojaribu dawa ya hidroksiurea kwa watoto wa selimundu, na majibu yakatoka mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, vifo vikapungua. Mengi ya hayo yalifanywa na watu wanaozungumza lugha hii tunayoandikiana.

Maisha yenyewe? Ni ya subira na karatasi nyingi. Utaandika maombi ya fedha na mengi yatakataliwa. Sampuli zitaharibika umeme ukikatika. Nunua kipimajoto cha friji kwa pesa yako kama hakipo. Kwenye masomo ya uzamili jifunze takwimu kuliko unavyopenda, kwa sababu kosa la hemokromatosisi lilikuwa la kuhesabu, si la kemia. Fedha kwenye saratani zipo zaidi, hilo mkuu wako hakukudanganya. Lakini mtu asiyelala kwa ajili ya namba isiyopanda, ukimweka kwenye jambo jingine kwa sababu ya fedha, atalala vizuri mno, na hapo utafiti wake utakuwa umekufa.

Basi turudi dirishani kwako. Namba haipandi. Anza na mkono wako mwenyewe: ukikamua kidole sana, maji ya tishu yanachanganyika na damu na namba inashuka. Pima watu kumi kwa tone la kidole na kwa damu ya mshipa siku hiyohiyo, uone tofauti. Kisha kumbuka mimba yenyewe inaongeza maji ya damu kuliko seli, kwa hiyo mama wa miezi sita hawezi kulinganishwa na alivyokuwa miezi miwili. Kisha muulize, kwa upole na faraghani, kama vidonge anavimeza kweli. Wengi wanaviacha kwa kichefuchefu au choo kigumu, wengine wameogopa walipoona choo cheusi, na hawatakuambia kama umeuliza kwa sauti ya polisi. Muulize anavimeza na nini. Chai ya rangi inakibana chuma, machungwa yanakisaidia. Minyoo ya safura inanyonya damu kimyakimya, na kichocho nacho kinapoteza damu. Malaria, au uvimbe wowote unaoletwa na maambukizi mwilini, unapandisha hepsidini, na mlango unafungwa kama ule wa panya wa barakoa. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, nayo itakudanganya hapo, maana inapanda kwa homa ingawa akiba imekwisha. Na huku pwani alfa talasemia, kasoro ya kurithi ya himoglobini, imeenea. Seli zake ni ndogo kama za kukosa chuma, na hakuna kidonge kitakachozikuza.

Hata ratiba ya kumeza haijatulia. Tafiti za miaka ya karibuni, nyingi zikiwa kwa wanawake wasio wajawazito, zimeonyesha kwamba dozi ya leo inapandisha hepsidini kwa muda wa siku nzima hivi, kwa hiyo ya kesho inaingia kidogo; anayemeza siku moja na kuruka moja anafyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Kwa mama mjamzito wa pwani ya Tanzania mwenye minyoo na malaria ya mara kwa mara, ratiba ipi ni bora? Usibadilishe dawa ya mtu, hiyo si kazi yako wala ruhusa hujapewa. Lakini swali hilo lina ukubwa wa shahada ya uzamivu.

Omba ruhusa ya mganga mfawidhi, ufungue daftari kwa ajili ya kuboresha huduma. Namba za siri badala ya majina. Wiki ya mimba, wingi wa damu, ukubwa wa seli kama mashine yenu inautoa, kipimo cha malaria, kipimo cha choo, vidonge vilivyomezwa kwa wiki, na anavimeza na nini. Siku utakapotaka kuligeuza kuwa utafiti wa kuchapishwa, kibali cha maadili kinaanzia hospitali yako na kufika NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Usichapishe chochote kabla ya hapo. Jaza kwa wiki 12. Kisha uniandikie tena, uniambie ni wangapi ambao namba haikupanda, na kati yao ni wangapi waliokuwa wanameza kweli.